Mdhamini Hukaa Ndani

Haya yalitokea katika nchi ambayo sitaitaja. Si kwa woga. Jina lake lilibadilishwa wakati mimi nikiwa ndani, kwa sherehe kubwa nasikia, na hadi leo hakuna aliyekumbuka kuniambia jipya. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoifahamu, ajue amekosea. Nchi yake ni nzuri zaidi, na viongozi wake hawapendi kufananishwa.

Siku ile tulikuwa tunazindua bomba la maji la mtaa wetu kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza lilizinduliwa na Mkuu wa Wilaya aliyetangulia, mara ya pili na aliyemfuata, na huyu wa sasa naye alikuwa na haki yake. Hakuna aliyenung'unika. Bomba lilipakwa rangi upya, likafungwa utepe mpya, shule zikafungwa, ngoma ikaletwa. Mkuu akahutubia kwa saa mbili na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo watu wanaouliza maji yako wapi. Mimi nawauliza wao: bomba hili mnaliona, hamlioni?"

"Tunalionaaa!"

"Linang'aa, haling'ai?"

"Linang'aaa!"

"Basi anayetaka kingine ana lake moyoni."

Akakata utepe, akafungua bomba. Likatoa upepo, kwanza kwa mkoromo, kisha kwa mluzi mwembamba. Mkuu akainua kidole. "Sikilizeni," akasema kwa upole, "hiyo ndiyo sauti ya maendeleo yakija." Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilikuwa nimemaliza shahada yangu ya Utawala Bora miezi mitatu kabla, na niliamini kwamba kitu kikitamkwa na mtu mwenye madaraka mbele ya watu wengi, basi kipo njiani.

Ndipo shangazi yangu, Bi Siwatu, alipotoka katikati ya wanawake na ndoo. Akaiweka ndoo chini ya bomba, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akasubiri.

Ngoma ikanyamaza. Shangazi aliendelea kusubiri, bila kiburi na bila haraka, kama mtu yeyote asubirivyo maji. Bomba likapiga mluzi ndani ya ndoo tupu, na ndoo ikaukuza ule mluzi mpaka ukasikika jukwaa kuu. Nadhani hilo ndilo lililoudhi zaidi.

Walipomshika alishangaa kweli. "Si wamesema bomba limefunguliwa?" aliniambia alipopitishwa mbele yangu katikati ya askari wawili. "Ulitaka nije na nini, Faki? Sahani?"

Shitaka liliandikwa pale pale, karatasi ikiwa imewekwa juu ya ngoma: kukinga ndoo chini ya bomba la Serikali kwa nia ya kutaka maji.

*

Shangazi ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Alinisomesha kwa kushona mashuka na foronya, na siku nilipohitimu alivaa miwani yangu ili asome shahada vizuri, ingawa macho yake hayakuwa na tatizo. Kwa hiyo kesho yake nilivaa shati lile lile la mahafali, nikachukua dawa zake za presha, nikaenda kituoni kumtoa.

Kaunta ilikuwa na Sajini Lukindo, mtu mpole aliyekuwa akichonga penseli kwa uangalifu mkubwa. Nyuma yake ukutani palikuwa na tangazo: DHAMANA NI HAKI YAKO. DHAMANA NI BURE. TABASAMU.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, kijana. Tabasamu."

Nikatabasamu. Nikamweleza kwamba shangazi yangu anashikiliwa tangu jana na kwamba, kwa jinsi ninavyoielewa sheria, ana haki ya dhamana.

"Hatumshikilii," akasema Sajini, na alionekana kuumia kidogo. "Katika nchi hii hakuna mshtakiwa anayelala ndani. Katiba imekataza. Mshtakiwa ni mtu safi mpaka mahakama iseme vingine. Walikuja hapa wakaguzi wa mataifa kumi na moja, wakamtafuta mshtakiwa chumba hadi chumba, chini ya vitanda, hawakumpata hata mmoja. Wakatupa kikombe."

Kikombe kilikuwa rafuni. Kweli kilikuwa kizuri. Nilihisi fahari, nilikuwa nimeandika tasnifu yangu juu ya mambo kama hayo.

"Basi shangazi yangu yuko wapi, afande?"

"Ndani."

"Ndani kama nani?"

"Kama mdhamini." Akapuliza vumbi la penseli. "Sikiliza, msomi. Kazi ya mdhamini ni nini?"

"Kuhakikisha mshtakiwa anafika mahakamani."

"Na asipofika?"

"Mdhamini atatafutwa."

"Hapo!" Akaigonga kaunta kwa penseli. "Atatafutwa. Hapo ndipo nchi za wenzetu zinapokwama. Mdhamini amehama, mdhamini amebadilisha namba ya simu, mdhamini amekwenda msibani na msiba hauishi. Serikali yetu ikakaa ikawaza: mtu anapatikana wapi kwa uhakika kuliko pengine popote?" Akaelekeza penseli nyuma yake, kwenye mlango wa nondo. "Kwa hiyo mshtakiwa yuko nje, huru, anakula upepo. Mdhamini yuko ndani, anapatikana. Kila mtu mahali pake."

Nilitafuta kasoro katika maelezo yale. Nina hakika ilikuwepo, lakini sikuiona kwa haraka.

"Ila shangazi ndiye mshtakiwa," nikasema.

"Na hakuwa na mdhamini. Asiye na mdhamini hujidhamini mwenyewe. Mshtakiwa Siwatu yuko huru kabisa, anaweza kwenda popote. Mdhamini Siwatu ndiye aliye ndani." Akanitazama kwa huruma. "Hata yeye lilimtatiza mwanzoni."

Niliweka dawa juu ya kaunta. Sajini akazisogeza pembeni kwa ncha ya penseli, akaziandikia namba.

"Hizi ni kielelezo."

"Ni za presha, afande. Anatakiwa ameze kila siku, la sivyo anaanguka."

"Ameshaanguka. Leo alfajiri. Tumemwinua." Akasoma maandishi kwenye kopo. "Humezwa na nini hizi?"

"Maji."

"Unaona? Nia ya kutaka maji. Hii inaonyesha alikuwa nayo tangu nyumbani."

Nilitarajia kulia, au kupiga kelele. Badala yake nilijikuta nasoma tangazo la ukutani mara ya pili, nikagundua kwamba neno TABASAMU limeandikwa kwa rangi tofauti. Nikauliza mdhamini anatakiwa alete nini.

"Barua ya mtaa. Iseme wewe ni mtu mwema, mkweli, unayetegemewa na wengi. Na kwamba wewe ni ndugu yake na mnafahamiana. Ndugu anayefahamiana na mshtakiwa akifika hapa na barua, hatuwezi kumkataa. Ni haki yake." Akafungua daftari lake, akaangalia ukurasa. "Fanya haraka. Mkono wake wa kushoto haujakaa vizuri."

*

Mwenyekiti wa mtaa wetu, Mzee Pazi, nilimkuta barazani akiwatukana wapita njia. Aliniambia nisubiri. Akamtukana mama mmoja mwenye kapu, akamtukana na mwendesha baiskeli, kisha akafuta jasho.

"Karibu, mwanangu. Samahani, nilikuwa sijamaliza za asubuhi."

"Wamekukosea nini, mzee?"

"Hawajanikosea kitu. Watu wazuri wale." Akashusha sauti. "Katika nchi hii mtu mwema anaombwa udhamini. Mimi nimekaa miaka kumi na minane kwenye kiti hiki na sijalala ndani hata siku moja. Unadhani ni bahati? Ni juhudi. Tazama jirani yangu pale. Mtu mpole, hajawahi kuua hata sisimizi. Kila asubuhi mke wake humwandalia matusi, naye anayatoa vibaya, anaona haya. Watamchukua tu."

Nikamweleza shida yangu. Akasikiliza, akanitazama shati, akatikisa kichwa.

"Una shahada?"

"Ninayo."

"Umewahi kumdhulumu mtu yeyote? Hata kidogo? Jaribu kukumbuka."

Nilijaribu. Nikamwambia niliwahi kuazima kitabu cha maktaba na kukirudisha siku mbili baada ya muda.

"Aa, mwanangu," akasema, na nikaona machozi yanamlengalenga. "Wewe umekwisha."

Aliandika barua vizuri sana. Iliniita mkweli, mwaminifu, nguzo ya mtaa. Sikuwahi kusomewa maneno kama yale nikiwa hai. Ikabaki kugongwa muhuri, na muhuri anao Afisa Mtendaji.

"Mtendaji yuko ofisini?"

"Yuko ndani. Alimdhamini shemeji yake mwaka juzi. Lakini anafanya kazi vizuri, usiwe na wasiwasi. Saa tatu hadi saa sita, dirisha la nyuma la kituo. Alhamisi hafungui, ni siku ya usafi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano na saa sita ilikuwa imepita. Kwa hiyo shangazi alikaa Jumatano, akakaa na Alhamisi. Alhamisi alianguka tena. Niliambiwa na Sajini kwa upole, kama mtu anavyoambiwa kwamba kumenyesha.

Jioni hiyo wanawake wa mtaa walikuja kunifanyia kile tunachokiita kupeleka mdhamini. Ni mila yetu, haina miaka mingi. Walileta mkeka, mswaki, sabuni ya mche na kandambili. Wakaimba. Bibi mmoja aliyewahi kumdhamini mkwewe alinikalisha chini kama mwari, akanifunda: nisilale karibu na mlango, nisikubali kuwa mgawaji wa chakula, nisihesabu siku. "Wakikuuliza kama una malalamiko," akasema, "waulize kwanza karatasi ya malalamiko inatumika kwa nini kule chooni." Wakacheka wote. Nikacheka nao. Midomo ilifanya kazi yenyewe.

*

Ijumaa asubuhi barua iligongwa muhuri kupitia dirisha la nyuma. Niliuona mkono tu wa Mtendaji. Ulikuwa safi, wenye kucha zilizokatwa. Nikazunguka jengo, nikaingia kwa mbele, nikampa Sajini.

Kubadilishana kulichukua muda mfupi kuliko kununua mkate. Mlango ukafunguliwa, shangazi akatoka. Aliushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama aliyebeba mtoto wa mtu mwingine. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea. Aliponiona na mkeka kwapani, alisimama.

"Nani kakuruhusu?" akasema. Maneno yalitoka polepole, lakini ukali ulikuwa ule ule.

"Ni haki yangu, shangazi. Mimi ni ndugu."

"Mimi ndiye nimekinga ndoo. Wewe ulipiga makofi, nilikuona."

"Nenda ukapate dawa, shangazi."

"Usiniambie nenda. Nikuulize, umekula?"

"Msizungumze," akasema Sajini bila hasira, huku akiandika. "Mshtakiwa na mdhamini hawaruhusiwi kushauriana."

Nikaingia. Nilikuwa nimejiandaa kukuta wezi. Nilikuta watu ishirini na sita wamekaa kwa mistari, wakipisha njia, na kila mmoja akisema karibu. Aliyenipa nafasi alikuwa Mwalimu Ngonyoka, mwenye mvi, mkuu wa shule ya msingi.

"Wewe wa nani?" akaniuliza.

"Wa shangazi."

"Mimi wa mwanafunzi wangu wa zamani. Aliiba mbuzi saba. Yule pale ni muuguzi, yuko kwa ajili ya mgonjwa wake. Yule ni fundi saa, alimdhamini mteja. Mtendaji unamjua mkono. Yule mzee wa pembeni hatujui ni wa nani. Mtu wake alishahukumiwa, akafungwa, akatoka, lakini jalada halikurudi."

Nilikaa. Nilikaa tena kesho yake. Ilinichukua wiki kuelewa kwamba nilikuwa nimekutana na watu wote wa kuaminika wa wilaya yetu mahali pamoja. Mlango haukuhitaji kufuli. Siku moja Sajini aliusahau wazi, na Mwalimu akatoka kumkumbusha.

Mwizi wa mbuzi alikuwa akija kila Jumamosi kumjulia hali Mwalimu. Alikuwa amenenepa. Alileta sukari na kuuliza kama kuna lolote analoweza kufanya.

"Unaweza kurudisha mbuzi," akasema Mwalimu.

"Mwalimu nawe, kwa utani hujambo!" Akacheka mpaka akashika nondo.

Mwezi wa tatu alikuja Mkuu wa Wilaya na wageni. Tulipewa mashati meupe. Mkuu akasimama mlangoni, akatuonyesha kwa fimbo.

"Waheshimiwa wageni," akasema, "tazameni nyuso hizi. Je, mnamwona hapa mhalifu? Mnamwona mtuhumiwa? Hapana! Hawa ni raia wema, waliokuja kwa hiari yao, kwa mapenzi ya ndugu zao. Kuna nchi zinajaza magereza kwa watu wabaya. Sisi tumevuka hatua hiyo."

Wageni wakaandika. Mmoja wao, mama mwenye miwani ya kamba, akaniuliza kama nina malalamiko. Nilifungua mdomo nikakuta hamna kitu ndani. Haikuwa woga. Nilikuwa nakumbuka kwamba wakati fulani nilikuwa na maneno mengi kuhusu jambo hili, kurasa mia moja na ishirini, lakini yalikuwa mbali, kama mali ya mtu niliyewahi kusoma naye. Nikamwambia chakula ni cha moto.

Tukapigwa picha.

*

Kila baada ya siku kumi na nne shangazi alikwenda mahakamani. Alitembea kwa miguu, kwa fimbo, akivuta upande wa kushoto. Alikuwa amepata dawa, na Mwalimu aliyekuwa akisikia habari za nje kutoka kwa mwizi wake aliniambia kwamba sasa anaweza kushika sindano ya kushonea, ingawa uzi anatungiwa na jirani. Hakuwahi kukosa. Kila mara Hakimu alimuuliza mwendesha mashtaka imekuwaje, na kila mara jibu lilikuwa moja: upelelezi haujakamilika.

Upelelezi ulikuwa mgumu kweli. Ili kuthibitisha nia ya kutaka maji, ilibidi kuthibitisha kwamba bombani palitarajiwa maji. Ili kuthibitisha kwamba palitarajiwa maji, ilibidi mtu afungue bomba na kuandika alichokiona. Wapelelezi watano walipangiwa kazi hiyo, na wote watano waliugua.

Mwezi wa nane akapatikana mpelelezi wa sita. Alikuwa mgeni kazini. Alikwenda, akachimba, akafuata bomba chini ya ardhi, akaona linaishia hatua mbili kutoka lilipoanza. Aliandika ripoti ya ukurasa mmoja. Kisheria, ilisema, kitu kile si bomba bali ni chuma kilichosimama, na hakuna sheria inayomkataza raia kuweka ndoo chini ya chuma. Kesi ikafutwa. Mpelelezi huyo, nasikia, sasa ni mdhamini wa mtu fulani mkoa wa mbali.

Sajini alinileta kaunta asubuhi hiyo na mkeka wangu. Shangazi alikuwa tayari amefika, amekaa kwenye benchi, na bakuli lililofungwa kwa kitambaa likiwa mapajani. Nilimwona kwa karibu kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha.

"Hongera," akasema Sajini. "Mshtakiwa wako hana kosa. Umeachiliwa."

"Ahsante, afande."

"Saini hapa." Nikasaini. "Sasa." Akafungua daftari jingine. "Miezi minane iliyopita uliapa mbele yangu kwamba unamdhamini mshtakiwa. Leo Serikali imethibitisha kwamba hakukuwa na kosa, hivyo hakukuwa na mshtakiwa. Umekula chakula cha wadhamini, umelala nafasi ya mdhamini, umevaa shati la wageni. Unashtakiwa kwa kumdhamini mtu asiye na kosa."

Nilisikia vizuri. Nilitazama penseli yake. Ilikuwa imebaki fupi sana, karibu haishikiki.

"Kwa hiyo narudi ndani," nikasema.

"Kijana!" Alishtuka. "Wewe sasa ni mshtakiwa. Huwezi kulala ndani hata saa moja, utatunyang'anya kikombe. Wewe ni huru. Tunachotaka ni mdhamini tu, na naona ameshafika."

Shangazi alikuwa ameinuka. Alikuja hadi kaunta, akaegemeza fimbo, akatoa kifuani barua iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na muhuri. Kumbe alipita kwanza dirisha la nyuma, kabla hata mimi sijaitwa. Mtaani habari huwafikia watu mapema kuliko majaladani.

"Nipo," akasema. "Ni ndugu yake. Tunafahamiana. Nguo zangu ziko hapo kwenye mfuko."

"Shangazi, hapana."

"Nyamaza. Na mimi ni haki yangu. Umelala humo miezi minane."

"Mara ya kwanza ulikaa siku tatu ukaanguka mara mbili."

"Nitakaa nimekaa. Mtu aliyekaa ataanguka kwenda wapi?"

Sajini alikuwa ameshaandika jina lake. Aliandika vizuri, bila haraka, na kila herufi ilikuwa mviringo. Nilijua kanuni kwa moyo sasa. Ndugu anayefahamiana na mshtakiwa akifika na barua hakataliwi. Asiye na ndugu hujidhamini. Sikuwa na njia nyingine zaidi ya hizo mbili. Nilimtazama shangazi mkono wa kushoto, uliolala juu ya kaunta kama kitu kilichosahauliwa na mtu aliyetangulia.

"Afande," nikasema, "simfahamu mwanamke huyu."

Penseli ikasimama.

"Unasemaje?"

"Simfahamu. Mimi sina ndugu."

"Faki!" shangazi akaita.

"Amekuita jina," akasema Sajini.

"Jina liko kwenye jalada. Kila mtu hapa analijua."

"Barua inasema ni shangazi yako."

"Barua ni ya Mwenyekiti Pazi. Muulize yeyote mtaani kama Mwenyekiti Pazi ni mtu wa kuaminika."

Sajini akafikiri. Hilo lilimwingia. Akamgeukia shangazi, na nilimwona kweli anahangaika, maana hakuwa mtu mbaya. "Mama, kijana anasema hakufahamu. Kama hamfahamiani siwezi kukupokea. Wewe unasemaje?"

Shangazi alinigeukia. Alinitazama mimi. Alinitazama kwa namna aliyozoea kunitazama nilipokuwa mdogo na nimerudi nyumbani na uongo, akingoja nimalize mwenyewe. Sikumaliza. Niliweka uso wangu kama ukuta na kuuacha hapo. Haikunigharimu juhudi, uso ulikuwa na mazoezi ya miezi minane.

Mdomo wake ulitetemeka upande ule mzima. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akaichukua barua yake juu ya kaunta, akaikunja tena mara nne.

"Kweli afande," akasema. "Nilimfananisha. Wangu alikuwa mnene kuliko huyu."

"Basi ajidhamini," akasema Sajini kwa faraja kubwa, akafuta jina la shangazi kwa kifutio na kuandika langu mara mbili, mara moja kwenye safu ya mshtakiwa na mara moja kwenye safu ya mdhamini. "Mshtakiwa Faki, uko huru, unaweza kwenda. Mdhamini Faki, pita huku."

Niliokota mkeka. Shangazi hakuondoka.

"Afande, nikuulize. Huyu kijana asiye na ndugu, anakula nini humo?"

"Chakula cha ziada huletwa na ndugu."

"Na kama hana?"

Sajini akafungua kanuni, akapitisha kidole ukurasa mzima, akageuza, akarudi. "Haisemi."

"Mpita njia anakatazwa?"

"Mpita njia hajatajwa."

"Basi mimi ni mpita njia." Akafungua kitambaa kwa mkono mmoja na meno, akasukuma bakuli juu ya kaunta mpaka likagusa kidole changu. Ulikuwa wali, samaki wa kukaanga, na mchicha mwingi wa nazi pembeni. Hakunitazama. Alizungumza na Sajini.

"Nitapita na kesho," akasema. "Na keshokutwa. Mwambie ale na mboga, asiishie kwa samaki tu. Simjui, lakini ana uso wa mtu anayebakiza mboga."

Sajini akanigeukia ili aniambie, akakuta nimeshaanza. Nilikula nikiwa nimesimama pale pale kaunta, mkeka kwapani, na nilianza na mchicha, wote, hadi uliogandia ukingoni mwa bakuli, ili aone.